Kompyuta Kuukuu na Mfumo Endeshi Huria

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikomesha huduma ya kawaida ya masahihisho ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, ambao ulikuwa ukitumika tangu Julai 2015. Asubuhi iliyofuata kompyuta zenye mfumo huo ziliwaka kama ilivyo desturi. Hapana kilichoungua wala kilichovunjika. Hata hivyo, tangu siku hiyo kila kasoro mpya itakayogunduliwa ndani ya mfumo huo na watu wenye nia mbaya hubaki wazi, isipokuwa kwa wale walioandikishwa katika mpango wa nyongeza, ambao nao una kikomo chake.

Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, haikubali kuwekwa kwenye kila mashine. Hudai kuwapo kwa kijenzi maalumu cha kutunza funguo za siri, kiitwacho TPM, cha toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha iliyoidhinishwa. Kwa upande wa prosesa za Intel orodha hiyo huanzia, kwa jumla, zile zilizotoka mwaka 2017. Kwa hiyo kompyuta iliyonunuliwa mwaka 2015, yenye nguvu ya kutosha kwa kazi zote za shule, hukataliwa, si kwa sababu imeshindwa kazi bali kwa sababu haimo katika orodha. Jambo hili lina uzito wa pekee katika shule za Afrika Mashariki, ambako kompyuta nyingi (au tarakilishi, kama walimu wengi wa Kenya wapendavyo kuziita) hufika zikiwa zimekwisha kutumika miaka kadhaa katika ofisi za mbali.

Mkuu wa shule aliye na mashine za namna hiyo ana njia tatu. Anaweza kuendelea kuzitumia kama zilivyo na kuzitenga na intaneti. Anaweza kununua mpya. Au anaweza kuondoa mfumo wa zamani na kuweka mwingine, mpya na wa bure, ambao bado unaikubali mashine kuukuu. Njia hii ya tatu ndiyo inayoelezwa hapa, pamoja na mipaka yake, kwani wanaoisifu mara nyingi husahau kuitaja mipaka hiyo.

Jinsi kompyuta inavyozeeka

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimama kati ya mashine na kazi za mtumiaji. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaopanga mafaili kwenye diski, unaopokea herufi kutoka kwenye kibodi na kuamua ni programu ipi ipewe zamu ya kutumia prosesa. Bila mfumo huo kompyuta huwaka, hupiga mlio mmoja, na kusimama.

Watu wengi hudhani kwamba kompyuta huchoka kama baiskeli ichokavyo. Dhana hiyo ni kweli kwa sehemu chache tu. Feni hushika vumbi na kukaza; diski ngumu, ambayo ina sahani zinazozunguka na mkono unaosogea juu yake, hatimaye huharibika; betri ya kompyuta ya mapajani hupungua uwezo wa kutunza chaji. Ipo pia betri ndogo ya mviringo, mfano wa sarafu, inayoendesha saa ya ndani wakati umeme umezimwa. Ikifa, kompyuta hujikuta katika tarehe ya miaka mingi iliyopita kila iwashwapo, na tovuti nyingi za intaneti hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama vinaonekana kuwa vya wakati ambao bado haujafika. Mashine kadha wa kadha zimetupwa stoo zikidhaniwa kuwa na virusi, kumbe zilihitaji betri ya bei ndogo tu.

Prosesa yenyewe haina kitu kinachozunguka wala kusuguana. Ile iliyofanya hesabu milioni elfu mbili kwa sekunde siku iliponunuliwa hufanya idadi hiyo hiyo miaka kumi na mitano baadaye. Kinachobadilika ni mzigo inaotwishwa.

Ili kuelewa kwa nini mzigo huo huidhoofisha mashine ghafla, na si kidogo kidogo, yafaa kumfikiria karani wa masjala. Karani ana meza, na nyuma yake kipo chumba kilichojaa majalada. Majalada anayoyafanyia kazi huyaweka mezani. Mengine hubaki chumbani. Meza ndiyo kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita RAM; chumba ndicho diski. Maadamu kazi yote inaenea mezani, karani huenda haraka. Siku meza inapojaa, hulazimika kurudisha jalada moja chumbani kila anapohitaji jingine, na kazi yake yote hugeuka kuwa safari.

Urefu wa safari hiyo unaweza kukadiriwa darasani. Diski ngumu ya kawaida ya kompyuta ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja basi huchukua milisekunde 8.3, na kwa wastani data inayotafutwa huwa nusu ya mzunguko mbele, yaani milisekunde 4.2. Ukiongezwa muda wa mkono kusogea hadi mahali pake, jumla hukaribia milisekunde 12. Kusoma kutoka kwenye kumbukumbu ya muda huchukua takriban nanosekunde 100. Uwiano wake ni 120,000 kwa 1. Kama kuchukua karatasi iliyoko mezani kungemchukua karani sekunde moja, kwenda kuileta masjala kungemchukua sekunde 120,000, ambazo ni zaidi ya saa 33.

Hapo ndipo ilipo siri ya kompyuta ya mwaka 2010 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2. Kwa mujibu wa masharti ya Microsoft, Windows 10 ya biti 64 ilihitaji angalau gigabaiti 2, na mashine hiyo ilitimiza sharti hilo. Lakini mfumo peke yake ulikuwa ukiijaza karibu meza nzima, na programu ya kwanza kufunguliwa ilianzisha safari za masjala. Taa ya diski huwaka bila kuzimika, kipanya husita, na mwanafunzi hubonyeza mara tatu pale palipohitaji mara moja, akiongeza safari nyingine mbili.

Huru, huria na bure

Mfumo unaoweza kuwekwa badala yake kwa kawaida ni mmojawapo wa jamii ya Linux. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU, uliokusudia kuandika mfumo endeshi kamili ambao kila mtu angeruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Sehemu nyingi za mfumo huo zilikuwa tayari kufikia mwanzo wa miaka ya 1990, lakini kiini chake, yaani sehemu inayogusana moja kwa moja na mashine, kilikuwa bado. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, aliandika kiini kwa ajili ya kompyuta yake mwenyewe na kukitoa kwa umma. Mwaka uliofuata alikiweka chini ya leseni ileile ya mradi wa GNU. Vitu hivyo viwili, pamoja na programu nyingine nyingi, ndivyo vinavyofungashwa pamoja na makundi mbalimbali ya wataalamu: Debian iliyoanzishwa mwaka 1993, Ubuntu ya mwaka 2004, Linux Mint ya mwaka 2006, na nyinginezo.

Waingereza hutumia neno moja tu kwa maana ya kitu kisicholipiwa na kwa maana ya mtu asiye mtumwa, na jambo hilo limewagharimu maelezo mengi. Kiswahili hakina tatizo hilo. Bure ni bei; huru ni hali. Programu inaweza kuwa ya bure na bado ikawa imefungwa, kwamba hapana aruhusiwaye kuona jinsi ilivyotungwa. Programu huria ni ile ambayo matini yake asilia, jinsi yalivyoandikwa na mtungaji, yako wazi kwa yeyote.

Tofauti hiyo si ya wanafalsafa peke yao. Mfumo uliofungwa unapoachwa na mwenyewe, mashine zote zinazoutegemea huachwa pamoja nao, kwa kuwa hapana mwingine mwenye haki wala njia ya kuurekebisha. Mfumo huria huendelea kuihudumia mashine ya zamani maadamu wapo watu, popote duniani, wanaoitumia na walio tayari kuisahihishia kasoro.

Nao wakati hufika ambapo watu hao hawapo tena. Torvalds alianza kazi yake kwenye kompyuta yenye prosesa ya aina ya 386. Mwishoni mwa mwaka 2012 wasimamizi wa Linux waliamua kuiondoa aina hiyo, na kiini cha toleo la 3.8, kilichotoka Februari 2013, hakikuweza tena kuiwasha prosesa ambayo Linux ilizaliwa juu yake.

Biti 32 au biti 64

Kwa sababu hiyo swali la kwanza kuhusu mashine yoyote si umri wake bali upana wa prosesa yake. Prosesa ya biti 32 huzihesabu nafasi za kumbukumbu kwa namba yenye tarakimu 32 za jozi, na namba kubwa kabisa za namna hiyo hutosha kwa nafasi 4,294,967,296, yaani gigabaiti 4. Prosesa za biti 64 kwa kompyuta za kawaida zilianza kuuzwa na kampuni ya AMD mwaka 2003, na karibu kila kompyuta ya mezani iliyotengenezwa baada ya mwaka 2008 inayo prosesa ya namna hiyo.

Hapa walimu wengi hukosea. Kompyuta inaweza kuwa na prosesa ya biti 64 ilhali iliwekewa Windows ya biti 32, na aliyetazama mfumo tu huandika katika daftari la mali kwamba mashine ni ya biti 32. Ukurasa wa taarifa za mfumo hutaja vitu hivyo viwili kando kando. Lililo muhimu ni lile linalohusu prosesa. Kosa hili lina gharama: Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena kifurushi cha kuiweka kwenye kompyuta ya biti 32 ya jamii ya Intel, na wengi wa watoaji wengine walikwisha kuziacha mashine hizo kabla yake.

Kwa mashine ambazo kweli ni za biti 32 kuna kikwazo kingine. Mifumo mingi ya jamii hii huhesabu wakati kwa sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, na hesabu hiyo ikiwekwa katika biti 32 zenye alama ya kujumlisha na kutoa hufikia ukomo wa sekunde 2,147,483,647. Sekunde hiyo ya mwisho itakuwa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Baada ya hapo saa itaruka nyuma hadi mwaka 1901. Mwanafunzi anayependa hesabu anaweza kulithibitisha hilo mwenyewe kwa penseli.

Kujaribu kabla ya kufuta

Hatua ya kuweka mfumo wenyewe ni fupi, na kwa kawaida haimalizi hata saa moja. Kifurushi cha mfumo hupakuliwa kutoka kwa watoaji, huhakikiwa, kisha huandikwa kwenye flashi kwa programu maalumu; kukinakili kama faili la kawaida hakutoshi. Kuhakiki ni kulinganisha alama ya faili, yenye herufi na tarakimu 64, iliyotangazwa na watoaji, na ile ambayo kompyuta imeikokotoa kutoka kwenye faili lililopokelewa. Ikiwa baiti moja tu imeharibika njiani, alama hutofautiana kabisa. Pale ambapo intaneti hukatika mara kwa mara, dakika mbili za kazi hii huokoa siku nzima.

Kisha kompyuta huwashwa ikiamriwa ianzie kwenye flashi badala ya diski, kwa kubonyeza kitufe fulani mara tu inapowaka: F2, F12, Esc au Delete, kutegemea mtengenezaji. Mifumo mingi ya Linux huweza kufanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote ndani ya diski. Hii ndiyo sehemu ya thamani kuliko zote, nayo ndiyo inayorukwa na wenye haraka. Katika hali hii mwalimu ataona kama skrini ina ukubwa sahihi, kama sauti inatoka, kama printa ya shule inatambuliwa, na hasa kama mtandao usio na waya unapatikana. Kila kifaa huhitaji programu ndogo ya kukifasiria mfumo lugha yake, na watengenezaji wengine hawakupata kuitoa kwa ajili ya Linux. Kifaa kilichokataa katika jaribio hili hakitakubali kwa sababu tu mfumo umewekwa rasmi.

Jaribio likifaulu, unabaki uamuzi usiorudishika. Programu ya kuweka mfumo huuliza kama diski yote ifutwe. Swali lenyewe huwa la sentensi moja, na kitufe cha kukubali hakitofautiani na vingine. Nyuma ya kitufe hicho zimo alama za kidato cha nne za miaka mitano, orodha ya karo, barua za bodi ya shule, na pengine mtihani wa mwisho wa muhula ambao mwalimu wa fizikia aliuacha hapo bila kumwambia mtu.

Basi nakala huwekwa mahali pawili tofauti, na kila nakala hufunguliwa kwenye kompyuta nyingine kabla ya kitufe kuguswa. Nakala isiyofunguliwa ni tumaini tu. Zaidi ya hayo, baadhi ya programu za uhasibu na za ratiba hutunza kumbukumbu zake katika mtindo ambao programu nyingine haiwezi kuusoma. Data ya namna hiyo hutolewa kwanza kwa mtindo wa jedwali la kawaida wakati programu yenyewe bado inafanya kazi. Na kama shule inategemea programu ambayo hutumika ndani ya Windows pekee, ni busara kuiacha mashine moja kama ilivyo, ikatengwa na intaneti, kuliko kuweka mifumo miwili ndani ya kila diski ndogo na kuwachanganya wanafunzi.

Kinachopatikana na kisichopatikana

Kwa mashine yenye gigabaiti 2 inafaa kuchagua mazingira ya skrini yaliyo mepesi, kama Xfce au LXQt. Debian yenye Xfce huanza ikiwa imetumia chini ya gigabaiti moja ya kumbukumbu, na kwa hiyo zaidi ya nusu ya meza ya karani hubaki tupu. Kuandika, kuchora jedwali, kujifunza programu kwa lugha ya Python, kusoma vitabu vilivyohifadhiwa: yote hayo huenda vizuri. LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010, hufungua nyaraka nyingi za Microsoft Office, ingawa mpangilio wa kurasa zenye majedwali magumu huweza kusogea. Kiswahili si kigeni katika uwanja huu, kwani mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa toleo la OpenOffice kwa Kiswahili, lililoitwa Jambo OpenOffice, na kazi yao iliwaachia wafasiri waliofuata msamiati wa kuanzia.

Kisichopunguzwa na mfumo wowote ni uzito wa intaneti yenyewe. Ukurasa mmoja wa tovuti ya siku hizi, wenye picha zinazotembea na matangazo, huweza kuchukua mamia ya megabaiti za kumbukumbu, iwe ni ndani ya Windows au Linux. Mashine ya gigabaiti 2 yenye kurasa sita wazi itarudi kwenye safari za masjala kama zamani. Anayeahidi kwamba Linux huifanya kompyuta kuukuu kuwa mpya hajawahi kukaa mbele ya mashine hiyo akiwa na wanafunzi arobaini nyuma yake.

Ikiwa shule ina fedha kidogo, basi zisiende kwenye kompyuta mpya moja. Ziende kwanza kwenye kadi za kumbukumbu, kisha kwenye diski za aina ya SSD, ambazo hazina sahani wala mkono unaosogea. Diski hizo hutoa data kwa muda wa takriban milisekunde 0.1. Kwa kipimo cha karani yule yule, safari ya saa 33 hushuka hadi dakika 17 hivi. Masjala bado iko mbali na meza, lakini karani hurudi kabla chai haijapoa.

Zitakuwapo mashine ambazo hazitafaa hata baada ya hayo yote: zenye prosesa ya biti 32 na megabaiti 512, au ambazo bodi yake imeliwa na unyevu. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme mwaka 2022, na chini ya robo yake ilirekodiwa kuwa imekusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Taka hizo zina risasi na metali nyingine zenye sumu, na hazifai kuchomwa nyuma ya bweni. Kabla hazijakabidhiwa kwa wenye kazi hiyo, kadi za kumbukumbu zinaweza kuhamishiwa kwenye mashine nyingine ya aina ileile (mwanya ulio chini ya kadi huzuia aina tofauti kuingia), na diski iliyokufa ikafunguliwa mezani ili darasa lione sahani zinazong'aa na mkono uliokuwa ukisafiri juu yake. Kisanduku cha kugawa umeme tu ndicho kisichofunguliwa, kwa kuwa kapasita zake huweza kubaki na chaji ya hatari muda mrefu baada ya waya kuchomolewa ukutani.